Mchezo Usio na Adui Ndani

Juzi nilikuwa kwa fundi wa televisheni na simu hapa Gisenyi, nimemshika binti yangu mkono, nimekuja nifutiwe michezo yote kwenye simu, maana naogopa, mtoto akiishika hanisikii hata nikimwita kula. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja aliyekulia Goma, ameleta mashine yake ya zamani, ya ile michezo ya kwanza kabisa ya kwenye televisheni. Fundi akaiunganisha. Kwenye kioo vikatokea vijiti viwili na nukta nyeupe ya kurushiana kama mpira, basi.

Binti yangu akasogea. "Adui iko wapi?"

"Mule ndani hamuna," mama akacheka. "Zamani mashine haikuwa inajua kucheza yenyewe, ulikuwa unatafuta mutu. Bon, haya, adui yako ni mi. Shika."

Binti akafungwa bao, akacheka, akafungwa tena, kisha akaniwekea kile kidude cha kuchezea mkononi. "Mama, sasa wewe."

"Na simu, nifute?" fundi akauliza.

Nikamwambia angoje, nafungwa.

Wenzangu mnaoogopa kama mimi, nafasi ya mchezaji wa pili ilikuwepo tangu mwanzo, ni sisi tulioiacha wazi. Jana chakula kilipoa tena nyumbani, ila safari hii tulikichelewesha wawili, tukicheza pamoja kwenye simu.