Sensa Niliyoifunga Utepe wa Plamba

Bado naiona asubuhi ile ya Jumatatu, mwanangu, kama ilipita wiki jana: nimeinama ndani ya boneti ya pikapu ya mtu pale Kitengela, mfukoni niko na utepe mweupe wa plamba, na kichwani niko na uhakika ambao hakuna mtu alikuwa amenipa.

Nisamehe, nakuandikia nikiwa nimekasirika. Mwezi huu peke yake nimesikia vijana watatu wakimwambia mwenye gari, "Ni sensa tu, wewe endesha," yaani kile kipimo kidogo cha injini ndicho kibovu. Mmoja wao alikuwa na ile mashine ya kusoma makosa ya injini. Akaichomeka, akafuta taa kwenye dashibodi, akafunga boneti, akanawa mikono. Taa ilizimika kweli. Kilichoiwasha hakikuguswa. Nikamuuliza, "Umejuaje ni sensa?" Akanijibu, "Mzee, hizi gari za tabo ndivyo ziko." Ndivyo ziko! Nimeyasema haya kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa nayaandika, kwa kuwa nawe unaingia gereji. Na kabla hujaniambia kwamba wazee hawana kazi ila kulaumu vijana, ngoja nikueleze kosa langu mwenyewe, maana lao nimelijulia hapo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba alikuwa amekufa, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nami nikaacha shule kidato cha pili nikabaki na wadogo zangu watatu: Wanjiru, Kariuki, na Njoki wa mwisho. Baba mkubwa, aliyekuwa akiishi Kware kule Rongai, alishapanga jinsi ya kuwagawa. Wanjiru angeenda kwake, Kariuki kwa shangazi yetu wa Entarara, Njoki kwa watu wa mama. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka walale wameshiba. Aliniambia waziwazi, "Siku utakosa kazi, hiyo wiki nakuja kuwachukua." Nikamwambia haitafika siku hiyo.

Kuna kitu ambacho watu hawakijui kuhusu kifungua mimba aliyeachwa na watoto. Anajifunza kuwa na jibu. Njoki akiuliza kama mama anasikia baridi kule alikozikwa, nilijibu. Upepo ukipiga mabati na Kariuki akiuliza kama nyumba itaruka, nilijibu haitaruka, na sikujua nyumba hiyo ilikuwa imeshikwa na nini. Mara moja tu niliwaambia "sijui," nikaona jinsi walivyotazamana. Sikulitumia tena neno hilo, wala nyumbani wala kazini. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Nilifanya kazi katika gereji ya Fundi Mutiso, Mkamba mpole ambaye angeweza kusikiliza injini dakika kumi bila kugusa spana. Kabla ya hapo nilikuwa nimesaidia maplamba kwenye zile nyumba zilizokuwa zikijengwa Kitengela kila kona. Ndiyo sababu ya ule utepe mfukoni. Ukifunga bomba la maji, unazungusha utepe kwenye meno yake, unakaza, maji hayavuji. Kazi hiyo niliijua vizuri. Niliijua vizuri mno.

Jumatatu hiyo Mutiso alikuwa ameenda Machakos kwa mazishi. Aliniachia pikapu ya Mzee Lemayian, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Kajiado. Ilikuwa ya dizeli, yenye tabo, ile feni ndogo inayozunguka kwa kasi kubwa na kuisukumia injini hewa. Mzee aliwahi kuua injini nyingine kwa sababu ya oili kuisha nguvu bila yeye kujua. Safari hii alitaka geji ya kumwonyesha msukumo wa oili, na sensa yake ifungwe kwenye lile bomba jembamba linalopeleka oili kwenye tabo. Mutiso aliniambia akiwa ameshabeba begi, "Ukifika mahali hujui, acha hapo. Nitarudi Jumatano."

Nikamwambia, "Hakuna shida, fundi."

Nikafunga sensa. Oili ikavuja kidogo. Nikatoa utepe wangu, nikazungusha mara sita, nikakaza, ikakauka. Nilijipongeza. Halafu nikawasha swichi tu, injini bado imelala, na sindano ya geji ikaruka mpaka mwisho wa juu ikabaki hapo.

Mtu mwenye akili angejiuliza: injini haizunguki, msukumo unatoka wapi? Mimi nikasema geji ni mbovu. Nikaenda dukani wakanibadilishia. Ikawa vilevile. Nikasema ni waya. Nikavuta mwingine. Vilevile. Nikasema ni sensa, nikabadilisha, na kila nilipoifungua na kuifunga nikaongeza utepe, maana ule wa kwanza ulikuwa umechanika kwenye meno. Nilibadilisha kila kitu siku hiyo, mwanangu, isipokuwa kile nilichokiweka kwa akili yangu mwenyewe. Kufika saa tisa nilikuwa natukana pikapu kwa Kikikuyu na jua limenichoma shingo.

Mzee Lemayian akafika, shuka begani, fimbo mkononi, na redio ndogo mfukoni.

"Supa," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa, mzee. Imeisha."

Akaingia, akageuza ufunguo nusu, akaitazama geji. "Mbona iko juu na gari imezimwa?"

"Itazoea."

"Itazoea?" Alitoa kichwa dirishani. "Kwani ni ndama nimenunua?"

Wale wa gereji ya pili, majirani zetu, wakacheka. Nami uso ukapata moto, nikaongeza uongo juu ya ujinga. "Ni sensa tu, mzee. Hizi ndivyo ziko. Ikiwa juu si mbaya, mbaya ni ikiwa chini."

Akanitazama. "Mutiso amesema hivyo?"

"Ndiyo."

Hakuna aliyenilazimisha kusema ndiyo. Mzee akawasha gari akaondoka.

Jumatano asubuhi pikapu ikarudi ikiwa imevutwa na lori. Ilikuwa imefia njiani kwenda mnada wa Bissil, mbuzi wakiwa nyuma. Turnboy wa lori, msaidizi wa dereva, alituambia tabo ilianza kulia kama mluzi wa refa, moshi wa bluu ukafunika barabara, kisha gari likakosa nguvu kabisa. Mzee alishusha mbuzi wake mmoja mmoja, akawaswaga kwa miguu kilomita zilizobaki. Mutiso alikuwa amefika nusu saa kabla yao, hata hajabadilisha nguo za safari.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifungua lile bomba jembamba, akachukua sindano ya kushonea, akachokoa tundu la kuingilia tabo, tundu dogo ambalo njiti ya kiberiti inapita kwa shida. Akatoa kiuzi cheupe kilicholowa oili. Akachokoa tena. Kingine. Akaviweka kwenye kiganja changu.

"Hii ni nini?"

"Utepe."

"Wa nini?"

"Wa mabomba."

"Na tabo inakunywa maji?"

Akaniita nitazame. Alisafisha meno ya sensa mpaka yakang'aa, akaiunganisha na waya wake wa geji, kisha akagusisha mwili wake kwenye chuma cha injini. Sindano, ile niliyopigana nayo siku nzima, ikashuka ikalala kwenye sifuri. Akaiinua sensa hewani, sindano ikaruka juu. Akagusisha tena, ikashuka.

"Unaona hii iko na waya mmoja?" akasema. "Ule wa pili ni mwili wake. Umeme unarudi kupitia meno. Wewe umeivalisha sweta sita, halafu unaiuliza kwa nini haiongei. Na nyuzi za hizo sweta zimeenda kuziba koo la tabo." Akafuta mikono. "Kutojua hiyo si kosa. Hata mimi nilifundishwa. Lakini Lemayian ametuma neno na lori, anasema uliweka jina langu mdomoni mwako."

Nikasema polepole, "Sensa ya kwanza pia ilikuwa..."

"Nenda nyumbani," akanikata. "Gari ni la Lemayian. Yeye ndiye atasema kama nitaendelea kukuweka hapa."

Habari za gereji hutembea haraka. Jioni hiyo baba mkubwa alipiga simu kwa jirani: anakuja Jumamosi. Niliwatazama wadogo zangu wakila, Njoki akimnyang'anya Kariuki kijiko, nikawaambia kila kitu kiko sawa.

Alhamisi nikaenda Kajiado. Nilimkuta Mzee Lemayian karibu na zizi la soko, akifungua mdomo wa dume na kutazama meno yake. Hakuacha kazi yake. Nilisimama hapo na mavumbi yangu mpaka akamaliza dume la pili. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Nilipofungua mdomo likatoka moja tu.

"Sikujua, mzee. Ile sindano, sikujua kwa nini iko juu. Na Mutiso hakusema kitu. Nilikudanganya."

Akaachilia dume. "Mbona hukusema hivyo Jumatatu? Ningemngojea Mutiso hapo hapo. Nilikuwa hata na chai."

"Nyumbani hakuna mtu mwingine wa kujua," nikasema, na nikashangaa kujisikia nikisema. "Nimezoea hivyo."

Alikuwa anajua habari zetu, Kitengela ya wakati huo ilikuwa ndogo. Kisha akaninyooshea fimbo kifuani, si kwa upole hata kidogo.

"Mimi nanunua ng'ombe miaka thelathini, na bado nikiona kidonda sikielewi naita mtu. Wewe umeshika injini juzi! Mwambie Mutiso hivi: hiyo tabo utaifungua wewe, utaifunga wewe. Na kila mahali hujui, utasema sijui kwa sauti, watu wote wasikie. Ukinyamaza mara moja, asikuweke."

Basi nikarudi. Ijumaa hiyo, mwanangu, nilisema sijui mara kumi na nne. Wale wa gereji ya pili walikuwa wakihesabu kwa sauti. Ya tatu walipiga makofi. Ya tisa mama wa chai alikuja kuona kuna nini. Lakini Mutiso alijibu kila moja, na kwa siku hiyo moja nilijifunza mengi kuhusu tabo kuliko miaka miwili niliyokaa nikitingisha kichwa.

Jumamosi baba mkubwa akafika na begi tupu la kubebea nguo za Wanjiru. Akakaa, akakataa chai, akauliza, "Mutiso amekurudisha, sawa. Lakini kwa kuharibu gari la mtu atakukata mshahara mpaka tabo ilipwe. Hawa watakula nini hiyo miezi?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi, la uongo kama kawaida. Nikalimeza.

"Sijui," nikasema.

Kariuki akamtazama Njoki. Nikajua nimewapoteza.

Ndipo Wanjiru, miaka kumi na mitano, akasema kutoka mlangoni, "Mimi najua." Kumbe alikuwa ameshaongea na wanawake wanaoleta maziwa kutoka Isinya. Angeyapokea alfajiri, ayagawe kwenye ploti zile mpya za kupangisha, saa moja awe shuleni. Alikuwa na wateja tisa tayari. Alikuwa ameyapanga mwezi mzima.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Hukuwahi kuuliza," akasema. "Kila siku unasema kila kitu kiko sawa."

Baba mkubwa alilitazama begi lake, akalikunja, akaomba chai. Hawakugawanywa. Wote watatu walilelewa katika nyumba ile mpaka wakaondoka kwa miguu yao.

Kwa hiyo nisikilize vizuri, mwanangu, maana sitaki kuyarudia. Kitu kikikataa kufanya kazi baada ya wewe kukigusa, anza na mkono wako. Fungua ulichofunga mwisho kabla hujalaumu kilichotengenezwa na mwingine. Ukiona geji inakuambia jambo lisilowezekana, usimwambie mwenye gari aizoee. Usitumie ujuzi wa kazi moja kwenye kazi nyingine kabla hujauliza, hata kama mkono wako unaupenda. Jina la fundi wako usiliweke mdomoni mwako kama hakusema. Na usipojua, sema hujui mapema, mchana, kabla gari la watu halijatoka getini. Sema hata mbele ya wanaokutegemea. Mimi nilidhani nawalinda wadogo zangu, kumbe nilikuwa nimewafungia mlango wa kunisaidia.

Nenda basi kazini. Mungu akupe fundi asiyechoka na maswali yako, akupe wateja wenye subira kuliko unavyostahili, na watu wako uwakute nyumbani kila jioni, wote, mezani pamoja.