Mjane Aliyeogopa Kulia

Mara ya kwanza jambo lile lilimkamata kanisani Ushirombo, Jumapili ya Pasaka, kwaya imefika pale pa kupaza sauti, na Monika ana furaha kuliko wote. Ghafla moyo ukaanza kumwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa haishuki. Akajua anakufa. Walimtoa nje, wakampepea kwa khanga. Punde akawa mzima, ila ametota jasho.

Kituo cha afya walimpima malaria na presha, hawakuona kitu. Mganga akasema ni pepo la kwa mama yake. Alikunywa dawa za kituo na za mganga, na hali ikarudi: siku dada yake alipojifungua, siku alipogombana na jirani. Ndipo akagundua kwamba furaha humletea, hasira humletea. Basi akaamua visimfikie. Kwaya akaacha. Harusini hakwenda. Mumewe Valerian alipokuja likizo kutoka machimbo ya Geita, akawa anamrusha juu binti yao Anisia, wanacheka wote wawili, Monika aliingia jikoni akachambua mchele mpaka kicheko kikaisha.

“Umekuwa mgeni humu ndani,” Valerian alimwambia.

“Nimechoka tu, Baba Anisia.”

Masika yalipokolea, duara, yaani shimo la dhahabu, alimokuwa akichimba Valerian likatitia, likamfukia. Mwili ulipoletwa nyumbani wanawake waligaagaa chini. Monika alikaa mkekani macho makavu, amekaza meno hadi taya zikauma. Alikuwa na hakika akilia tu, moyo utapasuka, na Anisia abaki hana baba wala mama.

Mama mkwe wake, Mbuke, alimsogelea. “Hata chozi moja?”

“Mama, nikilia nitakufa.”

“Si ufe basi! Mwanangu si amekufa?”

Kabla matanga hayajaanuliwa, maneno yalikuwa yameenea: Monika kamtoa mumewe kafara apate dhahabu. Mashemeji wakatupa mzigo wake nje. Alipomshika Anisia mkono, wakamwachanisha naye. “Mahari tulitoa. Mtoto ni wetu.” Hapo napo hakulia, na wao wakatikisa vichwa kwamba ni yeye hasa.

Alihamia Tinde, akawa anauza karanga na michembe ya viazi vilivyokaushwa kando ya barabara. Siku moja muuguzi aitwaye Agnetha, mteja wake, alimkuta amejikunyata nyuma ya meza, anatweta.

“Mimi nakufa, dada.”

“Hufi. Si moyo, si pepo. Ni ugonjwa wa hofu, na una matibabu. Huko kujikaza ndiko kunakoulisha. Ukija, kaa nao. Utapita.”

Monika alianza dawa kliniki, akajifunza polepole. Adhuhuri moja akajiruhusu kukikumbuka kicheko cha Valerian. Akalia. Moyo ukapiga kama twanga pepeta, mwili ukatetemeka, kisha vyote vikatulia, na yeye yu hai. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kumbe siku ile mkekani angeweza kulia.

Akafunga safari kwenda Ushirombo kumwona mtoto. Anisia alisimama nyuma ya bibi yake.

“Hukumlilia baba,” alisema.

“Niliogopa, mwanangu.”

Machozi yakamtoka, na jambo lile likaja pamoja nayo. Monika akaketi palepale uani, akitweta.

“Mnaona?” Mbuke aliwaita majirani. “Pepo lake hilo!”

Safari hii hakukaza meno. Aliliacha lije lote mpaka likapita. Alipoinua uso, Anisia alikuwa amechuchumaa mbele yake na kikombe cha maji. Alisubiri mama yake anywe, akapokea kikombe, na bibi alipoita, akarudi ndani.

Monika akajipangusa vumbi. “Kwaheri, Mama,” alimwambia mkwewe. Hakuitikiwa. Akashika njia peke yake kwenda kungoja basi, akilia waziwazi mbele za watu.