Kompyuta Iliyokaa Ndani ya Kompyuta

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu chochote cha mashine kinachoweza kumshangaza. Nasema hivyo mbele ya mtu yeyote. Nilifungua mizani, nikafungua taipraita, nikafungua mashine za kudurufu karatasi za mitihani, na nikafungua kompyuta wakati watu wengi wa huku kwetu Bureti walidhani ni televisheni iliyoongezewa vidole. Na hayo yote kwa elimu ya darasa la saba, ambalo lenyewe nililisoma nusu, kwa sababu ng'ombe wa baba hawakuwa na mtu mwingine. Ninyi vijana mlio na vyeti, someni hapa polepole.

Siku yangu ya kwanza ya kazi niliingia katika kiwanda kimoja cha chai nikiwa na shati la kuazima. Nilikuwa nimeandikwa kubeba magunia ya majani mabichi kutoka kwa lori. Asubuhi hiyo nilibeba machache tu, halafu nikasimama nikitazama mizani ya kuning'inia. Fundi Mkuu wa Mizani, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo haikutoka kichwani hata jua likiwaka, akaniona.

"Wewe, unaangalia nini?"

"Naangalia inajuaje, Boiyot," nikasema. Boiyot ndivyo tunavyomwita mzee kwa heshima.

"Inajuaje nini?"

"Uzito."

Alinitazama kama mtu anayetafuta kosa, akakosa. "Magunia yana watu wa kutosha. Njoo ushike bisibisi."

Hivyo ndivyo nilivyoacha kubeba. Fundi Mkuu alinipeleka vituo vyote vya kununulia majani, kuanzia upande wa Fort Ternan kwenye baridi na tope hadi huku kwetu. Alinifundisha springi, ndoano na mshale. Lakini neno alilorudia kuliko yote lilikuwa gunia. Kabla karani hajasoma uzito wa majani ya mkulima, lazima aondoe uzito wa gunia lenyewe. "Mizani haijui majani ni yapi na gunia ni lipi," alikuwa akisema. "Wewe ndiye unajua. Toa gunia kwanza." Wakulima walinung'unika kila siku kuhusu hilo gunia, na mpaka leo wananung'unika.

Kutoka kwenye mizani nilipelekwa ofisini, chini ya Karani Mkuu, kutunza taipraita. Huyo hakupenda fundi azungumze. Nikajifunza kusikiliza mashine. Baadaye shamba kubwa moja upande wa Kericho lilileta kompyuta za kwanza, na moja ilipokufa, Meneja wa Hesabu aliita mtu kutoka Nairobi. Huyo mtu alichelewa. Alipofika, alinikuta nimeshaifungua, nimepangusa vumbi, nimekaza waya uliolegea, na inawaka.

"Nani alikufundisha?" Meneja akauliza.

"Imenifundisha yenyewe, sir."

"Na ingekufa?"

"Ilikuwa imekufa tayari, sir."

Hakucheka, lakini kuanzia siku hiyo hakumwita tena mtu wa Nairobi. Kwa sifa hiyo nilifungua duka langu Kapkatet, mlango mmoja, kibao kilichoandikwa kwa mkono wangu mwenyewe: FUNDI WA KILA KITU.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Roret kulikuwa na kiwanda kidogo cha kuchapa cha kanisa. Kilichapa vitabu vya nyimbo kwa Kikipsigis, programu za mazishi na karatasi za mitihani ya shule. Aliyekisimamia alikuwa Mama Meneja, mama mrefu wa sauti ya chini, binti wa mkulima wa chai, ambaye alijua kufunga hesabu na kufunga mdomo wa mtu pia. Kompyuta yao ilikuwa Mac, iliyoachwa na mishonari aliporudi kwao. Mashine safi, siwezi kuisema vibaya. Shida ni kwamba kila kompyuta ina programu moja kubwa inayosimamia zingine zote, kama meneja wa shamba anavyosimamia wavunaji, na wenye shule wanaiita mfumo wa uendeshaji. Mac ina wake. Kompyuta za watu wengine wote zilikuwa na Windows. Miaka hiyo ya tisini mifumo hiyo miwili haikula sahani moja.

Walimu wakuu wa shule za hapa walileta mtihani wa majaribio wa darasa la nane kwenye diski, umepigwa kwa Windows. Mac ikaufungua, lakini hesabu zikaharibika zote. Sehemu zilikuwa vijisanduku, pembetatu zimetoweka. Kupiga upya kwa mkono hakungewezekana kabla ya mtihani. Na kamati ya kanisa ilikuwa imeshamwambia Mama Meneja wazi: kazi hii ikienda Kisumu, mlango wa kiwanda unafungwa, na wale wasichana wanaokunja karatasi warudi kuchuma chai.

Mimi nilikuwa na dawa. Dukani kwangu kulikuwa na kompyuta mpya ya Windows, niliyoileta kutoka Nairobi baada ya kuuza mitamba wawili. Nikaenda Roret kumuuzia.

"Sina pesa ya mara moja," Mama Meneja akasema.

"Utalipa kidogo kidogo."

"Hicho kidogo kidogo kinatoka kwenye mishahara ya wasichana wangu, Fundi."

Wakati tunavutana, Mchungaji, ambaye ndiye mwenyekiti wa kiwanda, akaingia na sidii mkononi. Alikuwa ametoka ziara ya ng'ambo, na mishonari wao wa zamani alikuwa amempa. "Nimeambiwa," akasema taratibu, kama mtu asiyeamini mdomo wake, "ukiweka hii ndani ya Mac, inaumba kompyuta nyingine humo ndani. Na hiyo ya ndani inatumia Windows."

Nilicheka mpaka nikashika meza. "Mchungaji, ng'ombe hawezi kumeza ng'ombe mwingine mzima na bado mkamkamua."

"Hivyo ndivyo nilivyoambiwa."

"Kama hiyo itafungua huu mtihani, ile kompyuta yangu ya dukani naitoa kwa kanisa. Bure."

Mama Meneja akamgeukia Mchungaji. "Umesikia?"

"Nimesikia," Mchungaji akasema. "Na Mwenye kanisa amesikia."

Mgeni wa huku kwetu aelewe: sisi watu wa kanisa hatuchezi kamari. Lakini ukitamka kutoa mbele ya mchungaji, hiyo ni ahadi kama ya harambee. Isipotimizwa inasomwa Jumapili, jina lako na kitu chako, mpaka watoto wako waone haya kuimba.

Mimi sikuogopa. Nilikuwa na hakika kwamba, kama kuna ukweli wowote, mishonari alificha kompyuta ndogo ya pili ndani ya sanduku. Nikatoa bisibisi nikaifungua Mac palepale. Nilikuta ubao mmoja, moyo mmoja wa kufanyia hesabu, vumbi, na mende aliyekufa zamani.

"Umeona ya pili?" Mama Meneja akauliza.

"Hakuna ya pili."

"Basi funga."

Nikaweka sidii. Programu ikaanza kuuliza maswali, na swali kubwa lilikuwa la memori. Memori ni kama meza ya fundi. Kadiri ilivyo pana, ndivyo unavyotandaza kazi nyingi bila kuangusha. Meza ya Mac ilikuwa ya megabaiti arobaini na nane. Wenye kazi hiyo wana maneno mazuri: kompyuta ya nje wanaiita mwenyeji, na ile ya ndani wanaiita mgeni. Sasa programu ilikuwa inauliza, mgeni apewe kiasi gani?

Mimi nimelelewa. Kwetu mgeni hapimiwi. Sotet, kile kibuyu chetu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kinawekwa mbele yake kikiwa kimejaa, na wenye nyumba wataona baadaye kama kimebaki cha kunywa. Basi nikampa mgeni karibu meza yote. Nikamwachia mwenyeji kona tu.

Mshale ukageuka saa ndogo ya mkononi, maana ndivyo Mac ilivyokuomba usubiri. Tukasubiri. Dirisha jeusi likatokea katikati ya skrini, likabaki jeusi. Chai ikaletwa, ikanywewa. Saa ile haikusogea. Nikazima umeme, nikawasha tena, nikarudia, ikakwama palepale.

Mama Meneja akaweka kikombe chini. "Basi, Fundi. Lete ile yako. Nitazungumza na wasichana."

Mchungaji akatazama dirishani. Mimi nikakusanya vifaa vyangu kwenye sanduku. Nilikuwa nimeshinda. Kompyuta yangu ilikuwa imepata mnunuzi, ahadi yangu imekufa yenyewe, na pikipiki yangu ilikuwa pale nje. Nikafika mlangoni.

Nyuma yangu nikamsikia Mama Meneja akimwambia Mchungaji, kwa ile sauti yake ya chini, "Huyu Fundi ana adabu mno. Mgeni amelishwa mpaka mwenye nyumba akazimia."

Nikasimama na sanduku mkononi. Fundi Mkuu wa Mizani alikuwa amekufa miaka mingi nyuma, lakini nilimwona na kofia yake ya sufu. Toa gunia kwanza.

Mwenyeji ana uzito wake. Hata ile programu inayomkaribisha mgeni ina uzito wake. Mimi nilikuwa nimesoma mizani bila kutoa gunia, mimi niliyewafundisha makarani wa vituo vyote kutoa gunia. Ningeweza kuendelea kutembea. Hakuna aliyeniita. Lakini nitawaambia ukweli: nilitaka kuona. Nilitaka kuona kuliko nilivyotaka kuuza.

Nikarudi nikaketi. "Nipeni nafasi."

"Umesahau kitu?" Mchungaji akauliza.

"Gunia," nikasema, na hakuna aliyeelewa.

Nikatoa fungu la mwenyeji kwanza, asiguswe. Nikatoa la programu. Kilichobaki, karibu nusu ya meza, nikampa mgeni. Nikabonyeza. Dirisha jeusi likatokea, na ndani yake herufi nyeupe zikaanza kukimbia, zikihesabu memori, sawasawa na kompyuta yoyote ya sanduku inapoamka. Ilikuwa inahesabu kile nilichoipa, ikiamini ndicho kilichoko duniani. Halafu yakaja mawingu ya Windows, polepole, kama mzee anayepanda mlima na kuni.

"Hiyo ni nini?" Mama Meneja akauliza.

"Ni ile."

"Ile ipi?"

"Ile ambayo haiwezekani."

Hapo nikasahau mtihani kabisa. Nilimuuliza mgeni, wewe una moyo gani? Akanionyesha jina la Pentium, moyo wa kompyuta za Windows. Na mimi nilikuwa nimefungua lile sanduku kwa mkono wangu mwenyewe, hakukuwa na Pentium humo! Mgeni hakudanganya, alidanganywa, akadanganywa vizuri. Nikamuuliza diski yake iko wapi, akanionyesha diski yake mwenyewe, na nafasi iliyobaki. Nilipotoka nje ya dirisha lake kutazama upande wa Mac, diski hiyo yote ilikuwa faili moja tu, limelala pale kama gunia lililofungwa mdomo. Nikamwambia mgeni ajizime. Akazima, na Mac ikabaki macho. Nikamwamsha, nikamzima tena. Mchungaji akavuta kiti akaketi karibu nami.

"Anajua kwamba yuko ndani?" akauliza.

"Hajui, Mchungaji. Na hakuna mahali anapoweza kusimama ili ajue."

Nadhani mahubiri mawili matatu ya mwaka ule yalitoka kwenye jibu langu, ingawa hakunitaja.

"Fundi," Mama Meneja akasema. "Diski."

Nikaingiza diski ya walimu. Mtihani ukafunguka. Sehemu zilisimama, ya juu juu na ya chini chini. Pembetatu zilikuwa na pembe zake tatu. Mama Meneja alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo, akasoma swali la kwanza la hesabu kwa sauti, halafu akatoka kwenda kuwaambia wasichana wawashe mashine. Alirudi akakuta bado nimekaa, namzima mgeni na kumwamsha.

"Ulisema nini juu ya ile yako ya dukani?"

"Nilisema, Mama."

"Nilidhani labda ulisahau, maana ulisahau gunia."

Mitihani ilitoka kwa wakati, na wasichana hawakurudi kuchuma chai. Jumapili, Mchungaji aliniita mbele, kompyuta yangu ikiwa imefunikwa kitambaa cha meza ya Mama Meneja, na watu wakapiga makofi. Nilishukuru kwa hotuba fupi, ambayo wengine walisema ilikuwa ndefu. Niliwaeleza kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza Bureti nzima kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, na mpaka leo hakuna aliyekuja kunipinga.

Sasa nimefunga duka. Macho hayaoni skrubu ndogo, na kompyuta za siku hizi zimegundishwa, hazifunguki kwa heshima. Nina chai yangu, na kila nikipeleka majani kituoni nasimama karibu na karani kuhakikisha anatoa gunia, wala hazidishi. Vijana huniuliza siri ya kazi ni nini. Wanataka niwaambie bidii. Bidii hata punda anayo. Mimi nawaambia, ukisikia kitu ambacho kwa akili yako hakiwezekani, rudi kutoka mlangoni ukione, hata kama ni wewe utakayelipa.

Mama watoto hakubaliani nami. Juzi tulikuwa tunachuma, yeye mstari wake na mimi wangu, akaanza tena.

"Baba Chebet, ile siku ulikuwa umefika mlangoni."

"Nilifika."

"Na mashine ilikuwa imekataa."

"Ilikataa kabisa."

"Si ungepanda tu pikipiki?"

"Nilitaka kuona."

Akatupa majani kikapuni nyuma ya bega bila kugeuka. "Na kuona huko, nikumbushe, kuliuzwa ngapi?"

Nikamwambia, na nauli ya kuitoa ile kompyuta Nairobi ikiwa ndani: shilingi elfu tisini na nne, mia sita na hamsini.