Mashine ya Kusaga na Uzi Mnene wa Kaka

Shule niliishia darasa la pili, na hilo la tatu sijawahi kulililia. Nina nyumba Turwa, na waliosoma huja kupanga kwangu. Mmoja wao ni mwalimu wa kompyuta, kahamishiwa hapa Tarime kutoka mbali. Huyo ndiye aliyesikia rekodi ya marehemu kaka yangu kwenye simu yangu akasema ni chafu, ataisafisha.

Kaka alipiga iritungu, zeze letu la nyuzi nane, kule Nyambureti. Alipigia kwenye mashine ya kusaga. Alisema msikilizaji aliye kwenye foleni ya unga hana pa kukimbilia. Nilimrekodi hapo mara moja tu, kisha akafa. Mjane wake aliniomba jambo moja: siku ya kumaliza matanga asikie mkono wa mumewe.

Mwalimu akahamishia rekodi kwenye kompyuta, akaandika mistari yake ya maagizo, huku akinieleza polepole kama anayefundisha mbuzi. Akasema ameweka chujio. Linakata kila sauti nzito iliyo chini ya mia mbili, kwa kipimo chao cha hezi, maana huko ndiko mashine inakonguruma.

"Shikamoo tena, mzee. Sikiliza sasa, safi kabisa."

Kweli, mashine haikuwepo. Kaka naye hakuwepo. Kilichobaki ni kama kuku anadonoa bati, na wanawake wa foleni wanacheka.

"Mwalimu, umemzika mara ya pili."

"Tatizo ni chombo chenyewe, mzee. Sauti yake karibu yote iko chini."

"Chombo ndicho kibovu. Sawa. Kwenu mnapiga nini, filimbi?"

Akaishusha ile mia mbili. Kaka akarudi nusu, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Akashusha tena, kaka akaja, na mashine ikaingia naye. Akajaribu kukata kipande chembamba tu, pale pale penye mngurumo. Uzi mnene wa zeze ukazimika.

"Uzi na mashine vimekaa mahali pamoja," akasema, macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Alikuwa anaukaza mpaka ulingane na mashine. Injini ikibadilishwa, anakaza upya."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe uliona uchafu."

Ndipo nikauliza la maana: ile chafu yangu bado ipo? Akasema ipo, chujio limetengeneza nakala tu, halikugusa ya kwanza. Hapo nilimheshimu kidogo.

Siku ya matanga tukafungulia ile chafu kwenye spika kubwa. Mwalimu alikuja, akakaa mbele, akawa anawaomba waombolezaji radhi kwamba sauti haijasafishwa.

"Nyamaza, mwanangu," shemeji, yule mjane, akamwambia.

Akasikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama.

"Siku hiyo walikuwa wanasaga mtama," akasema. "Mahindi hayalii hivyo. Rudisheni mwanzo."