Siki ya Mama Rukia

Siku ile naikumbuka, mwanangu Kabula, na hadi leo harufu ya siki kwenye kachumbari ikinipata, moyo unanishtuka. Jana uliniambia kwamba hoteli yako pale Geita imekukabidhi tangi la samaki wa bahari, lenye matumbawe ndani, na kwamba limeota utando wa kijani. Uliniuliza usafishe maji kwa mwani, kwa siki, au kwa ile dawa ya chupa. Kabla sijajibu ukasema afadhali utie zote tatu, itakayoshinda ishinde. Sasa nakujibu, nawe tulia, maana baba yako mkubwa haendi mbio siku hizi.

Nilikuwa kijana kama wewe, nimetoka Kishapu na vumbi la ng'ombe bado liko miguuni, nilipopata kazi kwenye nyumba ya wageni mjini Geita. Mwenyewe alikuwa Mama Rukia, mwanamke wa Pemba. Mumewe alimleta huku akifuata dhahabu, kisha akafariki, naye hakurudi kwao. Mapokezini palikuwa na tangi la kioo, na ndani yake samaki wa bahari na tumbawe. Ukiliona utadhani jiwe lenye matawi, kumbe ni kiumbe hai, linakula na linakua. Mumewe alimpa likiwa kipande cha ukubwa wa kidole gumba, akalilea hadi likawa kubwa kama kichwa cha ndama. Kila asubuhi alilisalimia. Naam, alilisalimia, usicheke.

Shida ililetwa na wageni. Walikuwa wakiwatupia samaki vipande vya chapati, mabaki yakaoza, maji yakajaa uchafu, na utando wa kijani ukaanza kupanda kwenye matawi ya tumbawe. Mama Rukia akachagua siki: kila asubuhi kijiko kimoja kidogo, na kuongeza polepole huku tukipima maji. Halafu akasafiri kwenda Shinyanga kutibiwa jicho, akaniachia kijiko na chupa.

Sasa, sisi watoto wa josho tuna elimu yetu. Marehemu babu yako alinifundisha kwamba dawa ya kupe haipunjwi. Josho likiwa jepesi kupe hawafi, wanaizoea dawa, na mwaka unaofuata unazika ng'ombe. Tia kali, ng'ombe azame mpaka masikio. Ni kweli kabisa, wala simlaumu mzee. Lakini nikikitazama kile kijiko cha siki niliona ni mzaha. Mchimbaji mmoja aliyependa kukaa pale mapokezini akanichokoza, akauliza kama nayatibu maji au nayaandalia kachumbari. Nilicheka naye, ila neno liliniingia. Nikajiambia Mama akirudi akute utando umekwisha, atanishukuru. Nikamimina chupa nzima.

Kulipokucha maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Samaki walikuwa juu, midomo nje, wanatafuta hewa. Niliwasha pampu ya hewa ya akiba, nikatoa nusu ya maji na kuchanganya mengine kwa ile chumvi ya bahari iliyokuwa ikija kwa basi kutoka Dar es Salaam. Samaki wengi walipona. Lakini tumbawe lilikuwa linabanduka nyama, tawi baada ya tawi, panabaki mfupa mweupe.

Mama Rukia alirudi na bandeji jichoni. Hakupiga kelele, na mimi nilitamani apige. Alivuta kiti karibu na kioo, akakaa, akalia kidogo kwa jicho lile moja, kisha akaniuliza kwa nini. Nikamweleza habari zote za josho na kupe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, siki si dawa ya kuua," alisema. "Ni chakula. Ndani ya maji mna vijidudu, vikila siki vinazaana, na vikizaana ndivyo vinavyokula uchafu. Mimi nilikuwa nafuga. Wewe umeviandalia karamu, vikajaa, vikamaliza hewa ya nyumba nzima."

Neno lile "nafuga" lilinichoma kuliko tusi. Mtoto wa Kishapu gani asiyejua kwamba ng'ombe aliyekondeshwa na kiangazi, ukimwachia majani mabichi kutwa nzima, anavimba tumbo na kufa? Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Elimu zote mbili nilikuwa nazo kichwani, nikachukua isiyohusika.

Chini kabisa, karibu na pampu, kitawi kimoja kilikuwa bado kina rangi. Mama Rukia akakikata, akakibandika juu ya jiwe safi. Akasema safari hii tutapanda mwani kwenye kisanduku cha pembeni, unyonye uchafu wa maji, tuuvune ukijaa, na mkono wangu usiguse chupa yoyote. Kisha akaniambia nikisalimie.

Basi, mwanangu, njia sikuchagulii. Mwani unamfaa mwenye subira, siki inamfaa mwenye mkono wa kupima, na dawa ya chupa inayonyonya uchafu nayo ina siku yake. Kwanza kataza chapati. Halafu jiulize, hiki ninachotia kinaua au kinalisha? Shika njia moja, anza chini ya kiasi, pima, ngoja, ndipo uongeze. Ukitia zote tatu, maji yakibadilika hutajua ipi imefanya nini. Wala usitake maji yasiyo na kitu kabisa, maana tumbawe nalo hula humo, litakufa njaa kwenye usafi wako. Maji yakimwagika hayazoleki. Nililielewa hilo nikiwa nimeshika chupa tupu.

Mama Rukia alifariki kitawi kile kikiwa kimefika ukubwa wa ngumi, na aliniachia mimi. Ndicho unachokiona kila ukija hapa kwangu Buseresere, ukiniuliza kwa nini nazungumza na jiwe. Jumamosi nitakuja Geita na ndoo yenye kifuniko, nikuletee tawi lake moja. Mungu akupe jicho jepesi la kuona na mkono mzito wa kumimina, na kila utakachokabidhiwa kikue. Asubuhi ukifika kazini, kabla hujagusa kijiko, lisalimie kwanza.