Mwaka Ambao Ndege Hawakuja

Juzi, karibu na Ishiara, nilipita kando ya shamba la mahindi matupu. Hakukuwa na ndege hata mmoja, nami nikaharakisha miguu kama mtoto anayeogopa.

Utotoni kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege kwenye mtama wa Cucu, nyanya yangu. Nilishinda juu ya jukwaa la miti nikipiga debe na kelele mpaka sauti inanikauka. Kwa hivyo Baba alipoamua tupande mahindi peke yake, bila mtama wala kunde, nilishangilia kuliko yeye.

Alasiri moja msimu huo nilimkuta Cucu amesimama katikati ya shamba. Majani ya mahindi yalikuwa yamejikunja, yakinuka kama karatasi iliyosahaulika juani.

"Cucu, mwaka huu hakuna kelele," nikamwambia kwa furaha.

"Ndege si wajinga," akajibu. "Wameenda kwa wenye kitu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alirudi nyumbani, akashusha kibuyu kilichoning'inia juu ya moto, akamwaga mtama uliochanganywa na majivu, akaanza kuuosha. Baba alipomwona alitoka nje. Nilidhani amekasirika kwa sababu mtama alishaukataa.

Uji ulikuwa mzito, wenye harufu ya moshi. Niliramba bakuli, nikaomba niongezwe, na Cucu akanimiminia wake wote.

Sasa nina shamba langu, na najua mtama wa kula hautiwi majivu. Hutiwa ule wa mbegu.