Jumapili Niliyocheza Bila Viatu

Katikati ya miaka ya sabini nilikaa miaka mitatu na nusu katika hospitali ya wagonjwa wa ukoma, si mbali na mji wa Busia. Niliingia nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Nyumbani kwetu, karibu na Angurai, nilijulikana kwa jambo moja tu, nalo ni kucheza ngoma. Palipokuwa na arusi au sherehe ya mavuno walinitafuta niongoze akisuku, ngoma yetu sisi Wateso, na sikumbuki hata mara moja kusema nimechoka. Kisha begani likatokea baka lisilowasha wala kuuma, na baada ya baka, unyayo wa mguu wa kulia ukaanza kufa ganzi. Siku moja mama aliniona nimekanyaga kaa la moto jikoni huku naendelea kuzungumza. Yeye ndiye aliyelia. Mimi sikuwa nimejua.

Sitaki mtu afikiri kwamba tulifungwa. Lango la hospitali lilikaa wazi mchana kutwa, ng'ombe wa majirani wakaingia, wakala nyasi, wakatoka. Dawa tulipewa, chakula tulipewa, na mashamba tulilima wenyewe. Tena mwezi wa Agosti, mwaka wangu wa tatu pale, nilipewa barua ya daktari, yenye mhuri, ikisema ugonjwa umekwisha mwilini mwangu na kwamba ninaweza kurudi kwetu nikaishi na watu. Niliikunja nikaitia katika mfuko wa shati. Oktoba ilipofika bado ilikuwa humo, imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Nilikuwa nikimngoja kaka yangu mkubwa. Baba alikwisha kufa, boma lilikuwa mikononi mwake. Nilipomwandikia habari ya barua alinijibu kwamba nisije peke yangu, atakuja mwenyewe kunichukua ili watu waone nimepokewa na wenye nyumba. Nikaona hayo ni maneno ya heshima. Septemba yote nilikuwa nafunga vitu vyangu asubuhi, jioni nafungua tena kutoa blanketi. Wenzangu walianza kunicheka, halafu wakaacha kunicheka, na hapo ndipo niliposikia vibaya zaidi.

Kila mwaka, mwezi huo wa Oktoba, kulikuwa na siku mbili za wageni. Jumamosi ilikuwa ya maonyesho ya kazi za mikono na kwaya, Jumapili ni misa kisha ngoma. Watu walikuja kutoka mjini, kutoka makanisani na shuleni, wengine hata kutoka Khunyangu. Kaka alituma salamu kwamba atakuja siku hizo.

Aliyesimamia muziki wetu alikuwa mama mmoja Msamia, mgonjwa kama sisi, aliyekuwa akiuza samaki kule ziwani kabla vidole vyake havijajikunja. Sauti yake ilikuwa nzito na hakumwonea mtu haya. Alitufanyisha mazoezi wiki tano. Mimi alinipa kibuyu cha kutikisa, nikiwa nimeketi kwenye benchi pamoja na wapiga ngoma.

"Mama, mimi si mtu wa kuketi," nilimwambia.

"Najua wewe ni mtu wa nini, mtoto wa Angurai. Na miguu yako naijua pia. Dresa amesema usicheze."

Dresa alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyetuosha vidonda kila asubuhi. Alinieleza mara nyingi kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha lakini ganzi haitaondoka. Mguu usiosikia hauwezi kukuambia umeumia, kwa hiyo lazima macho yafanye kazi ya mguu. Kila jioni nigeuze nyayo nizitazame. Nisitembee hata hatua tatu bila vile viatu vya tairi vyenye sponji ndani, ambavyo fundi wa hospitali alitutengenezea. Vilikuwa viatu vizuri. Lakini ukienda navyo mjini, watu walivitazama kwanza kabla ya kukutazama usoni.

Jumamosi wageni walifika mapema. Madawati yao yaliwekwa upande mmoja wa uwanja, yetu upande wa pili, na katikati kikabaki kipande cha nyasi ambacho hakuna aliyeamuru kiachwe. Wageni walipita kwenye meza za mikeka na vikapu. Mwanamke mmoja alipenda sana mkeka uliosukwa na jirani yangu wa wodi, akauinua kwa kuushika pembeni kwa vidole viwili, akautazama, akausifu, akaurudisha. Kwaya ya mjini iliimba, nasi tukaimba. Saa tisa mvua ikashuka, kubwa, ikatukimbiza wote kwenye baraza moja ndefu, wao kule mwisho na sisi huku. Mama wa muziki akaanzisha wimbo wa kanisa ambao kila mtu aliujua, na kwa muda bati lote lililia kwa sauti zetu, wengine wakiimba Kiswahili, wengine Kiluhya, wengine Kiteso. Mtoto mmoja wa shule alijisahau akaja kusimama katikati yetu. Watu wengi walisema baadaye kwamba huo ndio uliokuwa wimbo mzuri kuliko yote. Mimi niliuimba nikitazama barabara. Malori ya kwenda Malaba yalipita yakirusha maji. Kaka hakuja.

Alikuja Jumapili, misa ilipokwisha, akisukuma baiskeli iliyojaa matope. Alikuwa na majirani zetu wawili, wanaume wazima wenye makoti. Nilifurahi, kisha nikajiuliza kwa nini mtu anayekuja kumchukua ndugu yake aje na watu wawili. Walisimama hatua kadhaa kutoka kwangu.

"Uko mzima?" kaka aliuliza.

"Niko mzima. Barua hii hapa."

Hakuipokea. Alisema nisome. Nikaisoma kwa Kiswahili, halafu nikaieleza kwa Kiteso, na wale majirani walisikiliza huku wakiangalia mikono yangu.

"Ni barua nzuri," kaka alisema. "Lakini kule nyumbani watu hawaulizi barua. Wanauliza pombe utakunywa namna gani."

Kwetu pombe ya wimbi hunywewa kwa mirija mirefu, wanaume wote wamekizunguka chungu kimoja. Ukikataliwa kwenye chungu, umekataliwa kila mahali.

"Wewe umewajibu nini?"

"Nimewaambia wangoje. Ndiyo sababu nimekuja na hawa wazee, waone kwa macho yao. Wakirudi wakisema uko sawa, mambo yataisha."

"Kwa hiyo leo tunarudi pamoja?"

Aliangusha macho kwenye gurudumu la baiskeli, akaanza kubandua tope kwa kijiti. "Tuone kwanza ngoma yenu," alisema.

Nilikwenda kwenye benchi nikashika kibuyu changu. Ngoma zikaanza. Nilitikisa kibuyu nikiwatazama wale majirani wawili, na nikaona kile walichokiona wao, kijana ameketi kati ya wagonjwa, amevaa viatu vya wagonjwa, anatikisa kibuyu kama mzee. Barua niliyokuwa nayo mfukoni haikuwa na nguvu juu ya picha ile. Nikahisi kwamba kama sitainuka wakati ule, nitakaa kwenye benchi lile mpaka nife.

Niliinama nikafungua viatu. Nikachukua njuga za mwenzangu, nikazifunga miguuni, nikaingia uwanjani.

Mama wa muziki aliniona. Hakusimamisha wimbo, lakini macho yake yalikuwa makali. Sikujali. Ardhi ilikuwa laini baada ya mvua ya jana, na ingawa unyayo wa kulia haukusikia kitu, goti lilisikia, kiuno kilisikia, mabega yalikumbuka kila kitu. Niliruka, nikakanyaga, nikarusha mabega, nikaita mwito wa kiongozi, na wagonjwa Wateso wakaniitikia. Kisha nikasikia sauti zikiitikia kutoka upande wa wageni. Watu waliinuka kwenye madawati. Walisogea wakavuka kile kipande cha nyasi, wakatuzunguka, mama mmoja akapiga kigelegele, na mmoja wa wale majirani wenye makoti akawa anapiga makofi. Kaka alikuwa anacheka. Tangu niingie hospitali sikuwa nimemwona akicheka. Nikazidi kuruka.

Sijui nilicheza muda gani. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba makofi yalipungua upande mmoja, kisha upande wa pili, na watu hawakuwa wakinitazama mimi tena bali ardhi. Nikatazama na mimi. Palikuwa na alama za unyayo, nyekundu, zimezunguka uwanja kila nilikopita. Nilikuwa bado natabasamu. Wageni walikuwa wamekunywa soda tangu jana, na kifuniko kimoja cha chupa kilikuwa kimeingia chini ya mguu wangu, kikajikita, nami nikakirukia wimbo mzima.

"Hasikii," mtu mmoja alisema, si kwa ubaya, ila kwa mshangao. "Angalieni, hasikii kitu."

Damu ni damu tu, na mtu yeyote hujikata. Kilichowarudisha nyuma ni lile tabasamu. Walirudi hatua kwa hatua, wakivuta watoto, mpaka kipande cha nyasi kikaonekana tena. Yule mama wa kigelegele alikuwa ameshika mdomo. Dresa alikuja na beseni, akaniketisha chini pale pale, akakitoa kifuniko kwa koleo dogo. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ninaweza kunyoosha vidole.

Kaka alikuja mpaka karibu kuliko alivyokuja asubuhi.

"Kaa kwanza upone," alisema.

"Nimekwisha kupona, kaka. Hiki ni kidonda cha kawaida."

"Kaa upone," alirudia. Wale majirani walikuwa wameshaelekea langoni. Akawafuata na baiskeli yake.

Kidonda kile kiliingia kwenye mfupa. Nilipoteza kidole kimoja, na mguu ukatiwa plasta, nikalala kitandani miezi minane nikiwa na barua inayosema ninaweza kwenda nyumbani. Wiki mbili za kwanza mama wa muziki hakunijia. Alipokuja alisimama mlangoni.

"Umeniharibia ngoma yangu," alisema. "Wiki tano za mazoezi. Watu wa mjini wanaongea habari ya mguu wako tu."

Nilimwomba radhi. Aliketi kwenye kitanda cha jirani, akaniambia jambo ambalo sikulijua. Yeye pia alikuwa na barua. Alikuwa nayo mwaka wa sita. Alikwenda kwao mara moja, akakaa siku nne, akiwekewa sahani yake na kikombe chake kwenye rafu ya peke yake. Siku ya tano alirudi na hakuna aliyemwambia baki.

"Hapa naimba," alisema. "Kule nilikuwa nakaa tu. Lakini wewe bado kijana. Usimngoje yule kaka yako. Hatakuja."

Nilimkasirikia kwa maneno hayo, kwa sababu nilikuwa nimeshayajua.

Miezi ile ya kitanda niliomba kazi ya mikono, na yule fundi wa viatu akawa ananiletea vipande vya tairi nikate nikiwa nimeketi. Nilijifunza. Mwezi wa Juni nilitoka. Sikungoja mtu, sikufunga vitu mapema. Niliamka, nikamuaga dresa, nikamuaga mama wa muziki, ambaye alikuwa anapepeta mchele na hakuinua kichwa mpaka nilipofika mbali. Sikuelekea Angurai. Nilikwenda Malaba, mahali ambapo watu wanapita kwenda Uganda na kurudi na hakuna mwenye muda wa kukuuliza unatoka wapi. Nilianza kushona viatu kandokando ya barabara ya malori, nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane.

Kaka alinitembelea baada ya miaka miwili, mama yetu alipougua. Hatukuzungumza habari ya ile Jumapili. Zamani nilimlaumu sana. Sasa nimezidi umri aliokuwa nao siku ile, nami nimekuwa na boma la kulinda. Naona alikuwa na mke aliyeogopa, watoto wadogo, na kijiji kizima kikimtazama. Sijasema alifanya vizuri. Nasema tu kwamba hakuwa mtu mbaya.

Jambo la kushangaza ni lile lililonipata Malaba wiki ya kwanza. Ilikuwa Jumamosi, na sokoni kulikuwa na kikundi cha wapiga ngoma kutoka vijijini. Niliwasikia tangu asubuhi. Nilivaa shati safi, nikakaa kitandani. Nikasikia wimbo wa pili, wa tatu. Mwishowe nilitoka uani nikamwendea yule mama mwenye nyumba, aliyekuwa anafua, nikasimama mbele yake mikono imeunganishwa.

"Mama, naomba ruhusa niende sokoni nikaone ngoma. Nitarudi kabla ya saa kumi na mbili."

Aliacha kufua. Alinitazama kwa muda, povu likimtiririka mkononi.

"Kwani nani amekufunga?" aliuliza.

Nilibaki nimesimama pale mpaka akainama tena kwenye beseni lake, na hata hapo nilisubiri kidogo kabla ya kutoka.